Mji Uliodariziwa Kinyume

4 Februari

Mwanangu Breki,

Nakusalimu wewe, na mwenzio, na huyo mjukuu wangu anayeota meno. Sisi huku wazima. Paa la jikoni limeacha kuvuja, si kwamba limezibwa, ni mvua iliyokatika. Mama yako alinitembelea Jumapili, akakuta nimekata nywele, akakaa saa nzima ananitazama bila kusema neno, nikajua hazijanikaa. Dada yangu huyo akinyamaza ndio kasema. Baba yako mdogo naye anakusalimu. Mtaa mzima bado unamwita Dereva. Kila asubuhi tunatoka wote pale kiwanda cha kufulia, yeye kwenye usukani na mimi kando yake, tunapeleka mashuka safi hospitali na kurudi na machafu, halafu mimi naingia kwenye cherehani yangu kushona yaliyochanika.

Sasa sikia, na usicheke. Nataka kufanya mtihani wa nadharia wa udereva. Ndiyo, mimi, na miaka yangu hamsini na saba. Nimepata kijitabu cha alama za barabarani, kimechakaa na kurasa mbili hazipo, lakini hizo zilizobaki zimeninyima usingizi.

Miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti cha abiria, nilidhani ile mistari nyeupe katikati ya barabara ni pambo. Kumbe inasema. Mstari uliokatikakatika unakuambia unaweza kupita ukiona salama, mstari mzima unakuambia usithubutu. Juzi nilikwenda kusimama ukingoni mwa barabara kuu nikatazama. Watu wanakuja mbio, hawajuani, hawajasalimiana, hawatakutana tena maishani, na kilicho kati yao ni rangi tu iliyopakwa chini. Na hakuna anayeivuka. Mwanangu, nywele zilinisimama, hizo hizo chache nilizobakiza.

Wewe ndiye mwalimu wa udereva katika ukoo huu. Niambie mtihani wenyewe ukoje. Ila usinipigie simu kwa jambo hili. Unajua nyumba yetu ni vyumba viwili, na simu yangu inapayuka kama kipaza sauti cha mkutano. Barua haina sauti.

Mama yako mdogo


19 Februari

Mama Mdogo, shikamoo,

Na Baba Mdogo shikamoo yake umfikishie. Huku tunaendelea vizuri. Jino limetoka, moja, na limeshamng'ata baba yake. Shule ya udereva imejaa wanafunzi mpaka tunafundishia nje, chini ya turubai. Mwenzangu anasema nimeanza kusema "angalia kioo" hata nikiwa usingizini.

Sikucheka. Sawa, nilicheka kidogo, kwenye nywele.

Mtihani ni hivi. Kuna maswali ya alama, hayo utayaweza. Kinachowaangusha wengi ni ubao. Mtahini ana ubao mkubwa uliochorwa mji mzima kama unavyoonekana na ndege: barabara, taa, vivuko vya miguu, mzunguko, makutano. Anakupa kigari cha kuchezea anakuambia, toka hapa, nipeleke sokoni. Unakisukuma kwa kidole huku unaeleza kila unachofanya na kwa nini. Ukikosea upande, au ukiingia kwenye mzunguko bila kumpisha aliyekwisha kuingia, umeanguka. Tafuta ubao, au ujichoree, ufanyie mazoezi kila siku.

Lakini nina swali, Mama Mdogo. Kwa nini sasa? Na kwa nini uniulize mimi wakati mwalimu wangu umelala naye kitanda kimoja? Yeye ndiye aliyenipa hili jina la Breki, kwa sababu nilikuwa nasimamisha gari hata nikiona jani linavuka barabara. Alinikalisha wiki nzima kwenye gari lililozimwa, hataki niwashe, anataka nimwambie tu ninachoona kwenye vioo. Nikamuuliza, hivi nitaendesha lini? Akaniambia: "Udereva ni macho. Mikono na miguu inafuata." Maneno hayo nawaambia wanafunzi wangu mpaka leo, na siwaambii nimeyatoa wapi.

Nijibu.

Mwanao, Breki


15 Machi

Mwanangu Breki,

Salamu nyingi, na hongera kwa jino. Mwambie baba yake avae glavu. Huku kiwandani boila ya kuchemshia maji imeharibika mara mbili mwezi huu, mashuka yakarundikana mpaka dirishani, na Meneja amekonda kwa mawazo, jambo ambalo sikudhani linawezekana.

Ubao sina, wala kuchora sijui. Mimi ni fundi, mkono wangu unajua sindano. Kwa hiyo nimeomba shuka moja lililokwisha kazi, nikalitandika mezani, na nimeudarizi mji. Si mji wa kubuni. Ni huu wetu, kutoka geti la kiwanda mpaka geti la hospitali. Barabara nimezitia uzi mweusi wa nguvu, mistari nyeupe mishono mirefu, vivuko mishono mifupi, taa nimeshona shanga tatu tatu. Magari ni vifungo. Nimeona ajabu, mwanangu. Njia niliyoipita maelfu ya mara, nilipoitazama kwa juu nikaona ina mpango. Kuna mtu alikaa akafikiria kwamba mimi, nikitoka sokoni na mzigo kichwani, nitahitaji kuvuka hapa na si pale. Aliniwaza kabla sijafika. Sijui ni nani, lakini nilisikia kama nimeombewa.

Huu mzunguko ndio umenimaliza kabisa. Magari yanatoka pande nne, hakuna askari, hakuna taa, na kila mmoja anampisha mwenzake kwa zamu, kama watu waliolelewa nyumba moja. Katika kikao cha ukoo wetu watu wanne hawawezi kuzungumza kwa zamu hata dakika mbili.

Jioni tukishakula, Dereva anaketi nami. Mimi nasukuma kifungo na kueleza, yeye anasikiliza. Sijakosea hata mara moja. Kila nikimaliza anasema, "Sawa kabisa." Wiki ya tatu hii.

Nakutumia hicho kitambaa kwa basi ukitazame kwa jicho la mwalimu. Unirudishie mapema, nisije nikasahau njia ya kwenda kazini.

Mama yako mdogo


2 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo,

Kifurushi kimefika salama. Nilikitandika kwenye meza ya shule, wanafunzi wakaja kuona. Sijawahi kuona kazi ya mkono kama hiyo. Mmoja alishika zile shanga za taa akaniuliza kama naweza kumuuzia.

Halafu mwingine akasema, mwalimu, mbona huko kwenu wanaendesha kulia?

Nikatazama. Mama Mdogo, mji wako umegeuka. Geti la hospitali liko upande usio wake, soko limehamia ng'ambo, na vifungo vyako vyote ulivyovishona ili vikae barabarani vimekaa upande wa kulia. Nadhani ulichora mistari nyuma ya shuka kwa chaki, ukadarizi kwa kuifuata, halafu ulipoligeuza kila kitu kikageuka nalo. Kosa la fundi, la dereva lisingekuwa hilo. Wanafunzi walicheka mpaka wakakaa chini, nami nilicheka nao.

Kisha nikaacha kucheka.

Wiki tatu umefanya mazoezi kwenye mji uliogeuka, ukiendesha upande wa watu wanaokuja. Na Baba Mdogo, aliyeendesha njia hiyo hiyo miaka thelathini na moja, alikaa kando yako kila jioni akasema sawa kabisa.

Mama Mdogo, Baba Mdogo anaona?

Breki


24 Aprili

Mama Mdogo,

Wiki tatu sijapata jibu. Wa basi ameniambia uliipokea barua na kitambaa, ukasaini mwenyewe.

Basi nianze mimi. Siku ya harusi yangu, miaka miwili iliyopita, Baba Mdogo aliligonga geti la ukumbi. Watu walisema geti lilikuwa jembamba. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na shela langu, na niliona. Hakulikosea geti. Hakuliona. Lori lingepita pale. Nikajua siku ile ile, na sikusema. Nilijiambia ni uchovu, nilijiambia ni furaha, nikarudi huku nikaendelea kufundisha watu wengine kutazama. Tangu hapo sijaja kuwatembelea, nasingizia kazi. Sikutaka aje kunipokea stendi na gari.

Kwa hiyo kama unanificha, hatujapishana sana. Niambie tu.

Breki


6 Mei

Mwanangu,

Sikukujibu kwa sababu nilikukasirikia. Kisha nikajikasirikia. Sasa hasira zimeniishia, nimebaki na kalamu.

Haoni. Anaona kidogo katikati, kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na hapo penyewe pana ukungu. Yalianza pembeni, polepole, mwenyewe hakujua mpaka alipoanza kugonga milango ya kabati. Hospitali hataki kwenda. Wodi ya macho ndiyo ya kwanza tunayoshusha mashuka, manesi wote wanamjua, wanamwita Dereva toka mlangoni. Anasema hawezi kuingia kwa mlango ule bila mzigo.

Nimekuwa macho yake mwaka wa pili sasa. Ndiyo maana napanda naye. Namwambia: nyekundu. Baiskeli kushoto. Kivuko, kuna watu. Yeye anafanya. Ukituona utadhani tunapiga soga. Njia anaijua kama sala, mimi namwongezea tu kile kinachobadilika. Sijawahi kuona mtu anayemsikiliza mwenzake hivyo, na yeye ndani ya nyumba hanisikilizi hata nikisema chai imepoa.

Januari wakaweka alama mpya pale makutano ya soko, ile pembetatu iliyosimama kwa ncha. Yeye hakuiona, mimi niliiona na sikujua maana yake, kumbe inasema mpishe aliye barabara kubwa. Nikamwambia, endelea, njia nyeupe. Pikipiki ilipita mbele yetu karibu kiasi kwamba nilisikia joto lake. Yule kijana alianguka, akainuka, akatutukana akaenda zake. Dereva aliuliza, "Ni nini hicho?" Nikamwambia ni mbwa.

Sasa umeelewa. Sisomi ili niendeshe. Nasoma ili niwe macho mazuri. Na barua nimezichagua kwa kuwa hawezi kuzisoma. Usimwambie mama yako, usimwambie mtu. Gari hilo ndilo jina lake. Ukimtoa humo nimwite nani?

Mama yako mdogo


14 Mei

Mama Mdogo, shikamoo,

Nimeisoma barua yako nikaenda kukaa kwenye gari la shule lililozimwa, pale ambapo Baba Mdogo angenikalisha. Sikuwa na hasira. Nilishangaa. Miaka miwili, watu wawili, dereva mmoja, na mmemaliza salama. Nafundisha watu wenye macho mawili mazima wanaoshindwa kumaliza mtaa mmoja.

Lakini nisikilize kama mwalimu. Gari likienda mwendo wa hamsini, kila sekunde linakula karibu mita kumi na nne. Dereva mzuri akiona kitu, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki. Huyo ni mtu mmoja, jicho lake na mguu wake. Ninyi jicho ni lako, mguu ni wake, na katikati kuna neno. Neno nalo lina sekunde yake. Utalisema, atalisikia, ataliamini. Hizo ni mita ishirini na nane, na breki bado haijaguswa.

Kijitabu chote ukikijua kwa moyo, hiyo sekunde haiondoki. Haijali mnapendana kiasi gani.

Usinibishie kwa barua. Una tepu. Pima.

Mwanao, Breki


11 Juni

Mwanangu Breki,

Salamu kwa wote. Mama yako amepaka nywele rangi, na safari hii mimi ndiye niliyenyamaza.

Nilipima. Tepu yangu ni fupi, kwa hiyo nilipima uzi, ule mweusi wa barabara, mita ishirini na nane, nikauzungusha kwenye kijiti. Jumapili nikamwambia Dereva twende tutembee. Nikamsimamisha pale kando ya barabara ya soko ambapo kila asubuhi namwambia "kivuko". Nikamshikisha ncha ya uzi. Akaniuliza ni mchezo gani huu, nikamwambia ashike tu. Nikatembea huku naufungua.

Nilitembea, Breki. Nikatembea na uzi hauishi. Nikafika kwenye kivuko, palikuwa na mama na mtoto wanavuka, nikavuka nao, na uzi bado uko mkononi. Ulipoisha nilikuwa nimekipita kivuko kizima, nimesimama mbele ya duka la viatu. Nikageuka nikamwona mume wangu kule, mdogo, ameshika ncha ya uzi kwa vidole viwili kama mtu anayenusa ua. Nikamwita. Akauliza niko wapi. Nikamwambia: "Nimeshakipita kivuko. Na wewe bado hujakanyaga breki."

 Alisimama tu. Watu walikuwa wanauruka ule uzi, wengine wanatucheka. Kisha akaanza kuuzungusha mkononi, taratibu, akija upande wangu, anaufuata, mpaka akafika pale nilipo. Akasema, "Mbali hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na yule hakuwa mbwa." Nikamwambia hakuwa mbwa.

Tulipofika nyumbani nilimsomea barua zako zote, tangu ya kwanza, na nakala za zangu. Kwenye nywele alicheka. Kwenye geti la harusi aliinamisha uso. Uliposema umejifunza kutazama kwake, aliniambia nirudie, nikarudia.

Kisha akaomba kitambaa. Nikaanza kumwomba radhi kwamba nilikidarizi kinyume, yeye akakigeuza, akakitandika chini juu, upande wa mafundo. Upande ule mji umekaa sawa, ndipo nilipouchora. Akaweka kidole kwenye geti la kiwanda akaondoka.  Kwa kidole, juu ya nyuzi zangu mbovu za nyuma, alinipeleka mpaka hospitali. Hapa punguza, pana mfuniko wa chuma unaopiga kelele. Hapa gia ya pili, mwinuko unadanganya. Hapa saa moja na robo hutoka watoto wawili wenye mabegi mekundu, mkubwa hamshiki mdogo. Hapa ukiona mwanga unaakisi dirishani, kuna gari linakuja usiloliona. Miaka thelathini na moja ilikuwa ndani ya kile kidole. Nilikaa miguu imekufa ganzi nisimkatize. Mimi nilidhani ndimi macho yake.

Asubuhi yake alikwenda kwa Meneja mwenyewe, akasema. Mchana akaingia wodi ya macho bila mzigo, nimemshika mkono. Manesi wakaita Dereva, Dereva. Daktari amesema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone. Alipotoka nje alilia, na mimi nikalia, tukakaa kwenye benchi kama watoto waliopotea sokoni.

Mtihani ni wiki ya kwanza ya Julai. Sasa nasoma ili niendeshe.

Mama yako mdogo


9 Julai

Mwanangu Breki,

Wasalimie wote, na kwa kuwa meno ya mtoto sasa yameongezeka, mnaweza kusherehekea. Boila nzima, paa linavuja tena, mambo yamerudi mahali pake. Meneja amempata dereva wa muda, mama mmoja wa makamo anayeimba kwa sauti mbaya njia nzima. Dereva yuko nami chumba cha mashuka. Anakunja kwa kugusa, na pembe zake zimenyooka kuliko za wote. Meneja amesema nikipata leseni kamili gari ni langu. Kuna siku Dereva anaamka hataki kusema na mtu, sikufichi. Siku hizo namwacha.

Mtihani. Tulikuwa kumi na saba kwenye korido, wote wangeweza kuwa wanangu. Mmoja aliniuliza, mama, umemleta nani? Alama zote nilizipata. Kisha ubao. Mtahini, mtu mwembamba asiyecheka, akanipa kigari kisicho na gurudumu moja, akaniambia nimpeleke hospitali. Ule ubao ulikuwa mkubwa na umenyamaza. Nikaanza safari, na unajua nilifanya nini? Nikakielekeza kulia. Zile wiki tatu za mji uliogeuka zilikuwa bado zimo mkononi.

Nilikigandisha pale pale kabla hakijavuka mstari. Nikamwambia, samahani, mtahini, mimi ni fundi, mji wangu wa kwanza niliudarizi kinyume.  Akasema kwa kuwa nimesimama mwenyewe bila kuambiwa, nirudi nianze upya. Nikafumba macho kidogo nikatafuta mafundo. Nikaondoka. Nilimpisha kila anayestahili kupishwa. Nilimweleza hata kuhusu wale wa mabegi mekundu, akatazama ubaoni kuwatafuta.

Nimefaulu, Breki. Karatasi iko mbele yangu, ina muhuri.

Nilifika nyumbani nikamkuta ameketi mezani, kitambaa amekitandika, mafundo juu. Hakuniuliza, alisikia nilivyofungua mlango. Akatoa mfukoni ufunguo wa akiba wa lile gari, ule aliokaa nao tangu hatujazeeka, umelika mpaka unang'aa. Akauweka kwenye geti la kiwanda, akaanza kuusukuma kwa kidole, upande wake wa kushoto, bila haraka, akaenda nao mpaka makutano ya soko, penye fundo la ile pembetatu mpya. Akausimamisha. Nikangoja aendelee, haendelei.

Akaniuliza, "Njia nyeupe?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama tena kulia, ndani ya chumba kisicho na gari hata moja. Nikamwambia nyeupe.

"Basi endelea wewe," akasema, akainua kidole.

Mama yako mdogo